Nusu Saa ya Sydney

Shemeji yangu Merv Hosking alichelewa mara moja tu maishani mwake, na aliyemchelewesha ni mimi. Nalitaja hili mwanzoni kabisa, kabla sijapata kona ya kulikwepa, maana kona zote nazijua.

Jina langu ni Alf Tregenza. Pale klabuni wananiita Chumvi, na si kwa sababu ya mapishi. Nimefanya kazi kwenye mgodi wa Broken Hill miaka ishirini na tisa, na kila kilichonitokea huko chini nimekisimulia mara tatu kwa namna nne. Kwa hiyo nakuonya: katika haya utakayosoma, habari za kasuku ni uongo mtupu, na habari za kampuni ya kadi ni kweli tupu. Ukifika katikati utahisi ni kinyume chake. Vumilia.

Merv alimwoa dada yangu Dulcie mwaka wa hamsini na saba. Kazi yake ilikuwa kuendesha mtambo wa kushusha watu shimoni. Mtu wa kazi hiyo hukaa peke yake kibandani, mkono kwenye breki, na watu arobaini wananing'inia kule chini kwenye kamba wakiomba asipige chafya. Miaka thelathini na moja Merv hakupiga chafya. Kila safari aliiandika daftarini, saa na dakika yake, na alipostaafu mkono haukujua kuacha. Aliandika saa aliyomwagilia nyanya. Aliandika saa paka alipotoka na saa aliporudi, na paka asiporudi aliandika hivyo pia.

Dulcie alianza kusahau kidogo kidogo. Kwanza jina la mtaa. Kisha akatia sukari kwenye mchuzi. Kisha tukakuta jiko linawaka na juu yake sufuria tupu imekuwa nyeusi. Merv hakutaka mkewe apelekwe popote. Alikwenda kwenye duka la samani, akanunua kitanda kinachoinuka kwa kubonyeza kidude, kiti kinachomsimamisha mtu taratibu, beseni la kuogea lenye mlango ubavuni, na mashine ya kupoza hewa, kwa sababu joto letu la Januari linaivisha yai ndani ya kofia, na kofia iko kichwani. Jumla dola elfu nane na mia sita.

Merv hakuwa mtu wa kudaiwa. Bibi yake, mzaa baba, alilipa deni la duka la vyakula kwa miaka sita baada ya ule mgomo mkubwa wa wachimba migodi, na habari hiyo ilisomwa mezani kwao kama sala. Lakini yule muuzaji alikuwa na kadi.

"Miezi kumi na minane bila riba, mzee wangu," alimwambia. "Hata senti moja. Unalipa taratibu, kama unavyotembea."

"Na nikimaliza kabla ya siku ya mwisho?"

"Basi umetumia pesa zao bure. Wajinga ni wao."

Merv alinieleza haya jikoni kwangu huku akiizungusha ile kadi vidoleni. Mimi niliyeishi kwa uongo ningepaswa kuunusa wa mwenzangu. Sikunusa kitu. Nilimwambia, "Chukua, shemeji, kabla hawajazinduka."

Miezi minane baadaye Dulcie alitoka nyumbani pekupeku mchana wa jua kali, akaonekana kwenye barabara ya kwenda Wilcannia akimwuliza dereva wa lori kama zamu ya mchana imekwisha kushuka. Daktari akasema sasa anahitaji mahali penye milango inayofungwa. Nafasi ilipatikana katika nyumba ya wazee ya Adelaide, kilomita mia tano na ushee. Kitanda cha kubonyeza kikabaki nyumbani bila mtu, na kila mwezi kinalipiwa.

Hapo ndipo gari likawa kila kitu. Lilikuwa Falcon la kijani, la mgongo mrefu, mlango wake wa nyuma umefungwa kwa waya. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa, Merv aliliwasha mapema, akasafiri nalo akisimama kila baada ya saa moja kuinyoosha nyonga yake mbovu. Huko Dulcie alikaa dirishani akimngoja. Uso wa Merv ulikwisha kumpotea. Ukimwonyesha picha ya arusi yao alisema kijana huyo ana masikio makubwa, maskini. Lakini gari alilijua. Wauguzi walituambia: likikata kona tu, anagonga kioo kwa pete yake na kusema, "Merv wangu huyo." Basi mpaka Merv afike mlangoni, tayari ni Merv. Gari lilimtangulia likamtambulisha. Bila gari angekuwa mzee yeyote mwenye masikio makubwa, na yeye mwenyewe alilijua hilo. Alilibadilishia mafuta kabla ya wakati na kulifunika turubai dhidi ya vumbi, na hakuwa na kifuniko kama hicho kwa ajili yake mwenyewe.

Sasa, siku yenyewe. Ilikuwa Alhamisi. Ilikuwa ndiyo siku ya mwisho ya ile miezi kumi na minane, na ndiyo siku pensheni ya Merv ilipoingia benki. Deni lilikuwa limebaki dola mia saba na arobaini. Ankara ilisema, kwa herufi nene, malipo yafike kabla ya saa kumi na moja jioni. Merv alikuwa ameandika nyuma ya bahasha: kupiga simu, saa kumi kamili.

Saa tisa na nusu tulikuwa klabuni. Walikuwapo wageni wawili kutoka Mildura, na mimi nikimwona mgeni ulimi unaniwasha. Nilikuwa nawapa ile ya kasuku.

Lazima niseme kitu kuhusu uongo wangu. Hausimami peke yake. Unahitaji mtu mkweli pembeni. Merv hakuwahi kusema uongo, lakini hakuwahi kunikanusha pia. Alikaa na bia yake akitazama mbele, na wageni walimtazama yeye ndipo wakaniamini mimi. Bila Merv mimi ni mzee anayeropoka.

Saa kumi kasoro dakika tano akachukua kofia yake.

"Unakwenda wapi, shemeji?"

"Nina simu ya kupiga."

"Kaa bwana! Kasuku hajafika kwa hakimu."

"Nina simu, Alf."

"Simu ya nani? Umepata mchumba?" Watu wakacheka. "Malipo yako si mpaka saa kumi na moja? Una saa nzima na dakika tano, na kwako ni hatua mia nne. Au unataka nikubebe mgongoni?"

Merv alinitazama. Akatazama saa ya ukutani. Akaiweka kofia gotini, akakaa.

Kasuku mwenyewe ni huyu. Alikuwa mweupe, mwenye kishungi cha manjano, akiishi juu ya mnara wa mgodi mwaka wa hamsini na mbili. Akajifunza king'ora cha kumaliza zamu. Tena alikipiga nusu saa kabla ya wakati, kila siku, na wanaume mia sita wakapanda juu, wakaoga, wakaenda zao. Wiki tatu. Wenye mgodi walipogundua wakataka kumkata kila mtu nusu saa ya kila siku. Chama cha wafanyakazi kikasema: mfanyakazi akisikia king'ora anatii, nani amekipiga si kazi yake. Ikawa kesi. Hakimu akaamuru kasuku aletwe. Kasuku akaapishwa, akapiga king'ora mbele ya mahakama, na hakimu mwenyewe akachukua kofia akaenda nyumbani. Tukashinda. Kasuku akapewa kadi ya chama, na alipozeeka akapewa pensheni ya mbegu za alizeti.

"Si ndivyo, Merv?"

Merv akanywa bia.

Mmoja wa wale wa Mildura alicheka mpaka akajimwagia saladi yake ya kabichi na jibini. Nikaona raha. Nikaongeza mazishi ya kasuku, ambayo sikuwa nayo kabla ya siku hiyo: bendi, bendera, na mjane wake aliyekuwa kunguru. Mazishi peke yake yalikula dakika ishirini.

Saa kumi na nusu Merv aliondoka kwa mwendo wake uleule. Alipiga simu, akabonyeza tarakimu zote kumi na sita za kadi, na sauti ya mashine ikamwambia asante, malipo yamepokelewa. Akaandika kwenye bahasha: saa kumi na dakika arobaini, imekwisha. Chini yake akapiga mstari kwa rula. Najua, kwa sababu bahasha hiyo ninayo mimi sasa.

Siku kumi na mbili baadaye aliingia jikoni kwangu bila kuvua kofia.

"Alf, nisomee hii. Macho yangu leo mabaya."

Macho ya Merv yaliweza kuona kamba ikilegea mita mia saba chini ya ardhi. Nikaichukua karatasi. Faini ya kuchelewa, dola thelathini na tano. Riba, dola elfu tatu mia sita na kumi na mbili.

"Riba ya nini? Si umemaliza?"

"Ndilo ninalouliza."

Nikaigeuza. Nyuma kulikuwa na maandishi membamba kama miguu ya sisimizi. Yalisema mteja akichelewa siku ile ya mwisho, riba inahesabiwa tangu siku ya kwanza, juu ya deni zima la mwanzo, hata lile alilokwisha kulipa. Nilisoma mara mbili. Mimi mwenyewe nisingethubutu kutunga kitu kama hicho. Hata wageni wa Mildura wangenizomea.

Tukapiga simu. Mashine ikatuambia tubonyeze moja, kisha nne, kisha tusubiri. Muziki wa kinanda ukapigwa dakika hamsini. Merv aliandika zote. Mwishoni ikaja sauti ya mwanamke, ya upole, akasema anaitwa Marivic na kwamba simu inarekodiwa. Alikuwa Manila, ng'ambo ya bahari. Merv akamtajia tarehe yake ya kuzaliwa na jina la ukoo wa mamake, kisha akanipa simu; maneno ni kazi yangu. Mimi nikaendelea pale alipoachia.

"Bwana Hosking," alisema Marivic, "malipo yako yalifika saa kumi na moja na dakika kumi."

"Saa kumi na dakika arobaini, binti. Imeandikwa hapa, na imepigiwa mstari."

"Skrini yangu inaonyesha kumi na moja na kumi."

Ndipo nikaitazama saa ya jikoni.

"Hizo ni saa za wapi?"

"Za Sydney, mzee."

"Sisi hatufuati saa za Sydney."

"Lakini anwani yako ni New South Wales."

"Ndiyo."

"Na Sydney iko New South Wales."

"Iko. Ila mji wetu una saa za Adelaide, jimbo la jirani. Tuko nusu saa nyuma. Tangu zamani, kwa sababu reli yetu ilitokea upande ule."

Nikasikia kicheko kidogo, cha mtu anayejizuia.

"Unanitania, mzee. Mji mmoja, ndani ya jimbo, una saa yake peke yake?"

"Ndiyo."

"Na serikali inajua?"

"Posta, shule, polisi, wote wanajua! Hata kuku."

"Jamani. Wateja wananiambia mengi. Juzi mmoja aliniambia mbwa wake kameza kadi. Lakini mji wenye saa yake, huo sijapata kuusikia."

Nimewauzia watu kasuku mwenye pensheni, wakaondoka wameshiba. Siku niliyosema jambo la kweli, kavu, lisilo na hata punje moja ya chumvi, nikachekwa mpaka Manila.

Simlaumu Marivic. Aliomba dakika mbili, kinanda kikarudi, na aliporudi sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Mzee, nimetafuta. Ni kweli. Nisamehe kwa kukucheka."

"Haina neno. Basi rekebisha."

"Hakuna mahali pa kuandika."

"Hakuna vipi?"

"Nikifungua fomu ya kuchelewa inanipa sababu tano tu. Ugonjwa, kifo, moto, mafuriko, kosa la benki. Saa haimo."

"Andika mafuriko."

"Itataka picha ya maji."

"Binti, hapa hakujanyesha miaka minne."

Akacheka tena, safari hii bila raha. "Ngoja nikupeleke kwa msimamizi. Kwanza nithibitishe tu kwa ajili ya rekodi. Nazungumza na Bwana Mervyn Hosking mwenyewe?"

Ilihitajika "ndiyo" moja tu. "Ndiyo" hiyo nimeitoa mara elfu, kwa mambo ya kipuuzi, kwa bia. Lakini Merv alikuwa ananitazama, mkono wake umelala juu ya meza vile ulivyokuwa ukilala kwenye breki.

"Hapana," nikasema. "Mimi ni shemeji yake."

"Lo. Basi siruhusiwi kuendelea nawe, mzee. Samahani."

Merv akaichukua simu.

"Binti. Kwa saa zenu, nilichelewa?"

"Kwa saa za Sydney, ndiyo, baba."

"Dakika ngapi?"

"Kumi."

"Basi nitalipa," akasema, akakata.

Nikaruka kwenye kiti. "Umefanya nini wewe? Alikuwa anatupeleka kwa msimamizi!"

"Kila siku wanaongeza. Umesoma mwenyewe. Siwezi kuishi nyumba moja na kitu kinachokua."

"Basi chukua zangu. Nina elfu moja na mia mbili benki, sina kazi nazo."

"Ili nidaiwe na wewe?"

"Mimi ndiye niliyekukalisha, Merv! Ungepiga saa kumi ingekuwa kwao kumi na nusu. Ungekuwa umemaliza. Nilikukalisha kwa ajili ya mazishi ya kasuku!"

"Nilikaa mwenyewe," akasema. "Miguu ni yangu." Akakunja ankara mara nne, akaitia mfukoni, akaniuliza kama nyanya zangu nazo zimepata ukungu.

Hilo la klabuni hakulitaja tena. Ningependa angelitaja.

Gari aliliuza Jumatatu iliyofuata kwa mtu wa Menindee aliyetaka kitu cha kubebea mbwa. Dola elfu tatu na mia saba. Kampuni ikachukua elfu tatu mia sita arobaini na saba, na zilizobaki hazikutosha nauli ya basi kwenda na kurudi. Nilimwona akilikunja lile turubai kwenye uwanja mtupu, pembe kwa pembe, kana kwamba kesho atalihitaji.

Mimi nikaandika barua. Kurasa nne, bila uongo, kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya juu ya ardhi. Nilieleza reli, saa, bahasha, Dulcie, dirisha. Baada ya wiki saba jibu likaja kwa Merv. Wakasema wanasikitika, na kwamba ukurasa wa kumi na tisa wa masharti unaeleza bayana kuwa saa zote ni saa za Sydney. Wakasema, hata hivyo, kwa hisani tu, wanamrudishia ile faini ya dola thelathini na tano. Riba hawakuigusa. Ndani ya bahasha hiyohiyo kulikuwa na karatasi nyingine, ya rangi rangi, yenye picha ya bibi na bwana wa makamo wakikimbia ufukweni. Hongera, Bwana Hosking! Kwa kuwa wewe ni mlipaji mwaminifu, kikomo cha kadi yako kimepandishwa hadi dola elfu kumi na mbili.

Merv alikwenda bandani akaleta mkasi wa kukatia bati. Alikata kadi vipande vidogo kama kucha, na kila kipande akakikata tena. Kisha akaandika saa.

Safari ya basi kwenda Adelaide huchukua saa saba, na dereva hasimami kwa ajili ya nyonga ya mtu. Merv alikuwa hajamwona mkewe wiki tisa. Nikasema nitakwenda naye. Alibeba nyanya zake, kila moja imefungwa kipande cha gazeti. Kutoka kituoni tulitembea. Tulipokata kona nilimwona Dulcie dirishani, akiangalia barabara juu ya vichwa vyetu. Pete haikugonga kioo.

Tulipoingia alinitazama mimi kwanza.

"Alf!" akasema. "Alf mwongo! Nani kakufungulia mlango?"

Nilimbusu. Alikuwa amekonda, nywele zake zimechanwa upande usio wake. Kisha akamgeukia Merv na kumtazama toka viatuni hadi masikioni.

"Na bwana huyu ndiye amekuja kwa ajili ya bomba?"

Merv hakuvua kofia. Nyanya zilikuwa kifuani mwake.

"Dulcie," nikasema, "huyu ni Merv."

"Acha uongo wako, Alf."

"Naapa, dada. Merv. Mume wako."

"Hana aibu huyu," Dulcie alimwambia Merv kwa upole, kama mtu anayemwombea radhi mgeni. "Usimsikilize, bwana. Alipokuwa na miaka sita alimwambia mama kuku wetu kaolewa na kuhani." Akanivuta mkono, akateremsha sauti. "Merv wangu ana gari la kijani. Nimekaa hapa tangu asubuhi. Tangu jana. Halijapita."

"Gari limeuzwa, Dulcie," nikasema. Nilitaka kuusema ukweli mpaka mwisho, angalau mara hiyo.

"Limeuzwa?" "Limeuzwa na nani? Basi yeye atakujaje? Atajuaje niko hapa?" Pete ikaanza kugonga kioo, tak, tak, tak, lakini haikuwa namna ile wauguzi waliyotueleza. Muuguzi aliyekuwa upande wa pili wa chumba akainua kichwa.

"Nakutania!" nikasema. "Dada, nakutania. Liko gereji. Linapakwa rangi."

Pete ikanyamaza hapohapo. Hilo aliliamini bila shida yoyote. Akapumua, akajifuta macho, akanipiga kibao kidogo cha bega.

"Mshenzi wewe. Rangi gani?"

Nikatafuta. Mimi, mwenye bendi na bendera na kunguru mjane, nikatafuta rangi kichwani nisione hata moja.

"Kijani," akasema Merv. "Ileile."

Dulcie akamgeukia. "Kumbe wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo, mama."

"Umelipaka vizuri? Merv hapendi kazi ya ovyo."

"Nimelipaka mara mbili. Inakauka."

"Litakuwa tayari saa ngapi?"

Merv akatazama saa yake ya mkono.

"Saa kumi na moja."

"Basi nitangoja," akasema Dulcie. Merv akamwekea nyanya mapajani, moja moja, akizifungua gazeti, naye akasema asante sana, fundi, hukupaswa kujisumbua. Kisha akatuomba tumgeuzie kiti kielekee vizuri barabarani. Tukakigeuza, Merv upande mmoja na mimi upande wa pili.

Wageni hutakiwa kutoka saa kumi na nusu. Tulivuka barabara, tukasimama chini ya bati la kituo kidogo cha mabasi ya mjini. Kutoka pale dirisha lilionekana, na yeye ndani yake, amekaa wima, mkono uko tayari karibu na kioo. Merv alitoa bahasha na kalamu. Akatazama saa yake, ilikuwa kumi na moja kamili, kisha akairudisha kalamu mfukoni bila kuandika kitu.